Mbachao na Msala: Jua Likizima Taa, Nani wa Kuulizwa?

Wahenga wa pwani walipousia kwamba mtu asiache mbachao kwa msala upitao, hawakuwa na habari ya waya wa shaba wala ya transfoma. Mbachao ni mkeka mkuukuu uliokwisha kuchakaa, ambao mwenyewe huuonea haya mbele ya wageni. Msala ni mzuri, lakini ni wa mpita njia, na mpita njia akiondoka huondoka nao. Usia huu haumkatazi mtu kuukalia msala. Unachomkataza ni kuutupa mkeka wake kwa sababu msala umetandikwa. Tofauti hiyo ni ndogo katika maneno, lakini inagusa jambo zito katika zama hizi, ambapo maji ya kunywa, fedha za sokoni, dawa zinazohitaji baridi na sauti ya jamaa aliye ng'ambo vyote vimewekwa juu ya msala mmoja, nao ni umeme.

Swali lenyewe ni hili. Ikiwa jua, ambalo halina nia wala chuki na mtu, litauvuta msala huo usiku mmoja, je, patakuwa na wa kuulizwa? Wapo watakaosema hapana, kwa kuwa kudura haina mshitakiwa. Wapo pia watakaotafuta wa kumlaumu hata kabla taa hazijapoa. Kila upande una sehemu ya haki, na ili kuipima sehemu hiyo inafaa kwanza kuyatazama mambo yenyewe yalivyotokea.

Jua si taa iliyotulia. Mara kwa mara hufoka, likarusha angani wingu kubwa la chembe zenye umeme, na wingu hilo huchukua ndani yake nguvu ya sumaku. Likielekezwa upande wa dunia, hufika kwa muda wa siku moja hadi siku kadhaa, nalo huitikisa sumaku ya dunia. Hiyo ndiyo dhoruba ya jua. Tarehe 1 Septemba 1859, mwanafalaki Mwingereza Richard Carrington alikuwa akichora madoa ya jua katika kituo chake cha Redhill, kusini ya London, alipoona mwanga mweupe mkali ukiwaka juu ya kundi la madoa kisha ukafifia kwa dakika chache. Mwenzake Richard Hodgson aliuona mwanga huohuo akiwa mahali pengine. Hazikutimia saa 18, anga ikajaa nuru za rangi hata katika nchi za joto ambako watu hawakuzoea kuziona. Mitambo ya telegrafu ikatoa cheche, na baadhi ya makarani wakapigwa na umeme. Katika njia ya Boston na Portland, huko Marekani, makarani wawili walikubaliana kuzitenga betri zao, wakaendelea kupelekeana habari kwa muda wa saa mbili hivi kwa umeme ulioletwa na dhoruba peke yake.

Siku ile, katika bandari za pwani ya Afrika Mashariki, hapakuwa na waya hata mmoja wa kupata dhara. Kebo ya telegrafu kutoka Aden ilifika Unguja mwaka 1879, miaka 20 baadaye. Nahodha aliyeng'oa nanga asubuhi ile hakuwa na chombo ambacho jua lingeweza kumnyang'anya. Huo haukuwa ubora wa tabia wala hekima ya pekee. Ilikuwa tu kwamba msala haujatandikwa. Ndiyo maana dhoruba iliyo sawa na ile, ikipiga leo, itakuwa tukio jingine kabisa. Jua ni lilelile. Kilichobadilika ni wingi wa vitu ambavyo watu wamevitundika juu ya waya.

Namna dhara linavyopita ni jambo linaloeleweka. Sumaku ya dunia ikitikisika, huzaa umeme ndani ya kila kitu kirefu kinachoupitisha: nyaya za nguvu kubwa, reli, mabomba ya mafuta. Umeme huo hupenya kupitia ardhini ukaingia katika transfoma, ambazo zimeundwa kwa umeme unaokwenda na kurudi mara 50 au 60 kwa kila sekunde. Umeme wa dhoruba hauna mwendo huo. Huja polepole na kukaa, ukaushibisha moyo wa chuma wa transfoma mpaka ukapata moto na kuuvuruga mtandao mzima. Simu ya mkononi na redio ya nyumbani hazidhuriki kwa njia hii, maana ni fupi mno. Kinachodhurika ni kile kilichonyooshwa kwa mamia ya kilomita. Na transfoma kubwa ikiungua haipatikani dukani, bali huagizwa kiwandani na kungojewa kwa miezi mingi.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Machi 1989, saa nane na dakika 44 za usiku, dhoruba kama hiyo iliupiga mtandao wa umeme wa Quebec, nchini Kanada. Vifaa vya kinga vilijizima kimoja baada ya kingine, na kwa muda wa dakika moja na nusu hivi mtandao wote ukaanguka. Watu milioni 6 walikaa bila umeme kwa muda wa saa tisa, katika baridi ya huko. Hapakuwa na adui, wala hapakuwa na mkono ulioshika swichi. Huu ndio mfano safi wa giza lisilo na mtendaji.

Upo mfano wa pili ambao mtendaji wake anajulikana kwa jina na kwa saa. Mwezi Julai 1962 Marekani ililipua bomu la nyuklia lenye nguvu ya megatani 1.4 kiasi cha kilomita 400 juu ya bahari ya Pasifiki, karibu na kisiwa cha Johnston. Jaribio hilo liliitwa Starfish Prime. Bomu likilipuliwa juu kiasi hicho, miale yake huzikurupusha chembe za umeme zilizomo katika hewa ya juu, na sumaku ya dunia huzipinda chembe hizo zikatoa pigo la umeme linaloshuka kufumba na kufumbua juu ya eneo kubwa. Kisha hufuata wimbi la polepole linalofanana na lile la dhoruba ya jua. Huko Honolulu, zaidi ya kilomita 1,400 kutoka hapo, taa za barabarani zipatazo 300 zilizimika. Chembe zilizobaki angani ziliziharibu setilaiti kadhaa katika miezi iliyofuata, ikiwamo Ariel 1 ya Uingereza, ambayo Marekani yenyewe ilikuwa imeirusha kwa niaba ya rafiki yake mwezi Aprili mwaka uleule. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Agosti 1963, Marekani, Urusi ya Kisovieti na Uingereza zilitia saini mjini Moscow mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia hewani, angani na chini ya maji.

Waliolipua bomu lile hawakukusudia kuzizima taa za Honolulu wala kuiharibu setilaiti ya rafiki. Lakini kutokusudia hakukuwatoa katika kuulizwa. Anayechoma shamba lake siku ya upepo hawezi kumwambia jirani kwamba moto haukuwa na nia. Hapa pana hatua ya kwanza ya jibu: nia si kipimo pekee cha lawama. Mtu huulizwa pia juu ya alichopaswa kukichunguza kabla ya kutenda.

Mfano wa tatu unazichanganya sababu hizo mbili kwa namna ya kutisha. Tarehe 23 Mei 1967, mitambo ya Marekani ya kutazamia makombora, iliyowekwa Alaska, Greenland na Uingereza, ilizibwa ghafla isione kitu. Zama zile za uhasama, kuizima mitambo hiyo kungehesabiwa kuwa mwanzo wa vita, na makamanda walidhani ni kazi ya Warusi. Ndege ziliwekwa tayari. Kilichookoa ni kwamba jeshi hilohilo lilikuwa na watu wachache waliopewa kazi ya kulitazama jua kila siku. Hao walitoa habari kwamba jua limefoka na kwamba mawimbi yake ya redio ndiyo yaliyoiziba mitambo. Ndege hazikuruka. Habari za tukio hilo zilichapishwa kwa ukamilifu mwaka 2016 na wanasayansi wakishirikiana na baadhi ya waliokuwapo.

Tukio la 1967 linaonyesha kwamba kumlaumu asiye na kosa si udhaifu mdogo wa tabia. Katika dunia yenye silaha za namna ile, lingeweza kuwa jambo la mwisho ambalo watu wangelifanya. Linaonyesha pia kwamba kazi isiyo na sifa, ya mtu anayehesabu madoa ya jua asubuhi baada ya asubuhi bila ya tukio lolote, inaweza kuwa amana ya ulimwengu mzima. Wachache walikuwa macho, na wengi wakasalimika bila kujua.

Hapo ndipo elimu ya fiqhi, inayojulikana katika kila chuo cha pwani, inapoleta neno linalofaa. Wanavyuoni wamezigawa faradhi mafungu mawili. Iko faradhi ya kila mtu kwa nafsi yake, kama sala, ambayo mtu hawezi kumfanyia mwenziwe. Na iko faradhi ya kutoshelezana, iitwayo fardhi kifaya, kama kumzika maiti: wakiifanya baadhi, wote wametoka katika deni, na asipoifanya hata mmoja, wote wameingia katika dhambi. Anayelala nyumbani huku jirani zake wakichimba kaburi hana lawama. Lakini maiti akiachwa, hakuna wa kusema kwamba hakuwa yeye aliyepaswa kwenda. Kujikinga na giza ni kazi ya namna hiyo. Si kila mtu anayeweza kuijua sumaku ya jua, wala haitakiwi kila nyumba iwe na transfoma ya akiba. Inatakiwa wapatikane wa kutosha wanaojua, wanaotunza na wanaoandaa. Na wasipopatikana, swali la nani wa kuulizwa linapata jibu ambalo hakuna anayelipenda, nalo ni kwamba wote wataulizwa.

Msomaji wa pwani anayetaka kulijua giza kwa ndani, mbali na hesabu za kilomita na megatani, hahitaji kwenda Quebec. Kweli ni kwamba dhoruba za jua hupiga kwa ukali zaidi karibu na ncha za dunia, na visiwa vilivyo nyuzi sita tu kusini ya ikweta viko mbali na ukali huo, ingawa setilaiti zinazoongoza meli na ndege hazichagui bahari. Giza lililoifika Unguja mwaka 2008 halikuletwa na jua wala na bomu. Lililetwa na hitilafu katika waya wa baharini uliowekwa mwaka 1980, ambao ulikuwa njia pekee ya umeme kutoka bara. Tarehe 21 Mei umeme ulikatika, na haukurudi mpaka tarehe 18 Juni. Mwezi Disemba 2009 waya ule ulishindwa tena, na safari hii giza lilidumu kwa muda wa miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Waya mpya wa baharini, wenye uwezo wa megawati 100, ulianza kazi mwaka 2013.

Sababu ni nyingine, lakini maisha ndani ya giza ni yaleyale, na ndiyo maana somo lake linafaa. Kwanza lilionekana kwamba umeme haukuwa taa tu. Pampu za maji zilisimama, na mfereji ukakauka. Mwenye kisima kilichotunzwa akawa tajiri wa mtaa, na mwenye kisima kilichofukiwa au kilichoachwa mpaka kikajaa taka akachukua ndoo kwenda kuomba. Mwenye jenereta na fedha za mafuta alikaa katika mwanga wake. Fundi wa kuchomelea, mwenye friji la samaki, kinyozi na mshona nguo wa cherehani ya umeme walikaa bila ya kazi. Giza lilimwingia kila mtu, lakini halikuwa na uzito mmoja kwa wote.

Uzito huo ulifika hata kwa wasiokuwa wamezaliwa. Mchumi Alfredo Burlando, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, alizipitia kumbukumbu za wodi ya wazazi na kuona kwamba watoto waliokuwa tumboni wakati wa giza lile la 2008 walizaliwa wakiwa na uzito pungufu. Wafanyakazi wanaotegemea umeme walipoteza saa za kazi na kipato kwa muda ule mfupi, na dalili ya upungufu huo ikaonekana katika mizani ya watoto. Watoto hao hawakuwa wamechagua mkeka wala msala. Hawakuulizwa kama waya mmoja unatosha kisiwa kizima. Walichokirithi ni uamuzi wa wengine, nao walilipa sehemu ya gharama yake kabla ya kuvuta pumzi ya kwanza.

Hapo jibu la kudura peke yake linakosa nguvu. Hapana shaka kwamba waya huchakaa kwa kadari, na jua hufoka kwa kadari. Anayeamini hilo anaamini kweli. Lakini aliyekifukia kisima kwa sababu mfereji umefika hawezi kuitia kadari mkono wa jembe lake. Imani ya kadari humfariji mtu katika jambo asiloliweza. Ikigeuzwa kuwa kisingizio cha jambo aliloliweza, inakuwa kifuniko cha taksiri. Nahodha anayejua kwamba tufani haiko mikononi mwake ndiye huyohuyo anayekagua kamba zake kabla ya kutweka.

Iko hoja nyingine, nzito zaidi, ambayo haifai kupitwa kwa haraka. Nchi isiyo tajiri ina wagonjwa leo na madarasa yasiyo na madawati leo. Dhoruba ya ukubwa wa ile ya 1859 huenda isije katika maisha ya yeyote anayeishi sasa. Je, ni haki kuichukua fedha ya dawa ya mtoto anayeonekana, ikatumike kumkinga mtu asiyejulikana na msiba ambao haujulikani utatokea lini? Mtu mwenye insafu lazima akiri kwamba si haki kuitumia fedha hiyo kwa hofu tupu. Wapo wauzaji wa hofu katika jambo hili, wanaosema kwamba dhoruba moja itaurudisha ulimwengu wote katika zama za mapango. Tarehe 10 na 11 Mei 2024 dunia ilipigwa na dhoruba kali kuliko zote katika muda wa miaka 20 iliyotangulia, na mitandao ya umeme ilisimama.

Lakini haikusimama kwa bahati tu. Quebec, baada ya msiba wa 1989, iliubadilisha mtandao wake ili uhimili misukosuko hiyo. Nchini New Zealand, ambako transfoma moja iliharibika mjini Dunedin wakati wa dhoruba ya Novemba 2001, wasimamizi wa umeme walijifunza kwa kushirikiana na wanavyuo, na dhoruba ya 2024 ilipokaribia walizizima kwa hiari baadhi ya njia zao ili kuzinusuru zilizobaki. Hivyo ndivyo afanyavyo nahodha anayetua tanga kabla ya upepo kufika: hupoteza mwendo wa saa chache, akabaki na mlingoti. Waliwezaje? Walikuwa na habari mapema, kwa kuwa setilaiti zilizowekwa kiasi cha kilomita milioni 1.5 upande wa jua hutoa onyo la dakika chache au la saa nzima kabla ya pigo. Walikuwa pia na watu waliokwisha kuamua, katika siku za utulivu, nini kizimwe na nini kiachwe.

Kwa hiyo hoja ya umasikini ina jibu, ingawa jibu lenyewe lina masharti. Kinga inayostahiki kugharamiwa kwanza ni ile ambayo haiingojei dhoruba ili ifae. Kisima kilichosafishwa na kuwekewa ndoo humfaa mtaa wakati wa jua kufoka, wakati wa waya kukatika, na hata siku ya kawaida pampu inapoharibika. Njia ya pili ya umeme, ufito wa jua juu ya paa la zahanati pamoja na betri zake, fundi anayeweza kuiendesha mashine kwa mkono, karani ambaye bado anajua kuandika hesabu katika daftari, baharia mchanga aliyefundishwa kusoma nyota na dira ingawa chombo chake kina setilaiti: hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachomnyang'anya mgonjwa dawa yake. Aghalabu ni mambo ambayo jamii ilikuwa nayo na ikayaacha yaoze kwa kuyaonea haya, kama mtu anavyouonea haya mkeka mkuukuu mgeni anapobisha hodi.

Haya hiyo ndiyo kiini cha mambo. Watu hawakukifukia kisima kwa ubaya. Walikifukia kwa furaha, kwa kuwa mfereji umefika na taabu ya kuchota imekwisha, na taabu ile ilikuwa ya kweli, hasa kwa wanawake na watoto waliobeba ndoo. Anayewasifu wazee kwa kisima chao bila ya kuukumbuka mgongo wa aliyechota hasemi kweli yote. Umeme ni neema, na kuukataa kwa hofu ya kuupoteza ni namna nyingine ya kukufuru. Kinachotakiwa si kurudi nyuma, bali kuipokea neema bila kuuvunja msingi uliokuwapo kabla yake.

Basi jua likizima taa, nani wa kuulizwa? Jua halitaulizwa, wala asiwepo wa kutafutiwa uadui kwa kazi ya jua, kama ilivyokaribia kutokea mwaka 1967. Wataulizwa waliokuwa na elimu wakanyamaza, waliokuwa na madaraka wakaahirisha, na watu wa mtaa waliopita kila siku mbele ya kisima kilichojaa taka, kila mmoja akidhani kwamba kukisafisha ni kazi ya mwingine. Na watakaouliza ni wale ambao hawakuwapo siku msala ulipotandikwa, na ambao asubuhi ya giza watautafuta mkeka ulipokuwa ukiwekwa.